Upanga wa Mkono wa Kushoto

"Tatu kwa kumi, Msumeno? Zawadi yangu mimi, tatu kwa kumi?"

Fundi viatu alikuwa ameibana simu begani, kiatu cha mteja kimemlalia mapajani. Hakuwa mtu wa kulia ovyo, lakini asubuhi hiyo uzi ulikataa katakata kuingia kwenye sindano.

"Mpenzi, nisikilize kwanza..."

"Nimeshakusikiliza. Na dunia nzima imekusikiliza!"

Mchumba wake huyo alikuwa seremala, na jina la Msumeno alilipata kwa ulimi wake, si kwa kazi. Alikusanya panga za mwanga, zile za kuigiza zinazowaka na kuunguruma ukibonyeza kitufe. Kila upanga alioupata aliukagua kwenye video bila kumwonea mtu haya. Wa karibuni alipewa na fundi viatu mwenyewe, harusi yao ikiwa inabisha hodi.

"Taa safi, sauti safi," alisema kwenye video, "lakini mpini! Kuna mtu kauviringishia ngozi, vishimo huku, kivimbe kule. Mkono hautulii kabisa. Tatu kwa kumi."

"Sikujua ngozi umeishona wewe," alijitetea sasa. "Nilidhani imetoka hivyo dukani."

"Na ungejua, ungedanganya?"

"Nisingeiweka hiyo video."

"Basi na harusi isiwekwe. Kaa na panga zako!"

Akakata simu. Ujumbe ukaingia: "Nakuja."

Akajibu: "Usije. Nina kazi."

Msumeno akaja hivyohivyo, anahema, nywele zimejaa maranda ya mbao. Upanga aliubana kwapani na mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni. Tangu mashine ya karakana imkate vidole viwili, mkono huo ulihamia mfukoni moja kwa moja.

Fundi viatu hakumkaribisha kiti.

"Wakati unaukagua, uliushika kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Na wewe ni mtu wa mkono gani?"

"Wa kushoto. Nilikuwa."

"Hakuna cha nilikuwa. Utoe."

"Kuna mteja hapa, jamani."

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri kandambili zake akageukia ukutani. "Mimi sioni kitu, baba. Nasoma kalenda."

Msumeno akautoa mkono polepole, kama mtu anayetoa siri. Akaushika mpini. Kile kivimbe kikajaa mahali palipokosa vidole, na vishimo vikavipokea vilivyobaki, kimoja kimoja. Akabonyeza. Kibanda kizima kikawa buluu. Akauzungusha upanga, akauzungusha tena, haukuteleza.

"Ulinipima lini?"

"Umelala kwenye kochi. Wewe hata ukipimwa unakoroma."

Msumeno akacheka, machozi yakamtoka hapohapo. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka uushike mwenyewe ujue. Kumbe huo mkono unauficha hata ukiwa peke yako na simu yako. Hilo ndilo lililoniuma, si alama zako. Nitaolewaje na nusu ya mtu, nusu nyingine iko mfukoni?"

"Niliogopa watu watakuonea huruma siku ya harusi."

"Kidonda hicho nimekiosha mimi mpaka kikapona. Watu ni akina nani?"

"Nisamehe, mpenzi. Nimekosa."

"Msamehe, mwanangu," yule mama akaiambia kalenda, "nami nipate kandambili zangu."

Fundi viatu akashindwa kujizuia, akaangua kicheko. Akazimaliza kandambili, akafunga kibanda.

"Mama yangu nilishampigia, nikamwambia harusi hakuna," alisema. "Twende ukamwambie ipo. Wewe mwenyewe, kwa huo mdomo wako."

Wakatoka mchana kweupe, mkono wa kushoto wa Msumeno ndani ya wa kulia wa fundi viatu. Njiani wauza nguo wawili wakakodoa macho. Msumeno akataka kuuvuta mkono. Mwenzake akakaza.

"Wanaangalia," Msumeno akanong'ona.

"Waache waangalie. Nishike vizuri, mume wangu, hapa kuna dimbwi."