Gari Lishuke Kwanza

Asubuhi ile gati ya Mokowe haikuwa na pa kutia mguu. Boti za kutoka kisiwa cha Amu, ambako mizigo hubebwa na punda, zilikuwa zikitema abiria, wachukuzi wakigombania mizigo, na harufu ya mafuta ya boti ikichanganyika na ya mahamri ya moto. Katikati ya zahama hiyo Nasreen alikuwa anapenyeza gari lake refu la kijani baina ya mkokoteni na rundo la magunia ya ndimu. Alipokata usukani, sehemu ya mbele ya gari ikalia kama mlango wa nyumba ya kale.

Kijana mmoja akageuka. Alivaa ovaroli la buluu lililofuliwa hadi likachujuka, kofia iliyodariziwa kwa mkono kichwani, na kwenye mfuko wa kifuani, pale ambapo wenzake huchomeka kalamu, yeye amechomeka kishada cha asumini.

"Bi, gari yako inalia," alisema.

"Na wewe Bwana ni daktari wa watoto?"

"Mimi ni fundi wa magari. Idarus, wa Amu."

Nasreen alijiziba mdomo kwa ncha ya buibui lake, lakini kicheko kilimponyoka. "Mtu wa Amu, fundi wa magari? Nyinyi si punda tu mnaowajua?"

Idarus akasema maneno hayo anayapata kwa babake kila siku, tena bila kicheko. Miaka minne alijifunza ufundi Mombasa, akarudi akafungua kibanda chake kando ya barabara ya kutoka Mokowe, na mzee hadi leo humuuliza punda gani ana boneti. Huku akisimulia, mikono yake ilikuwa imeshaanza kubonyeza pembe ya gari, akiiachia na kutega sikio.

Nasreen alikuwa binti wa Chundwa, kijiji cha visiwani ambako mama yake bado alikaa. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika miaka miwili nyuma, ikamwachia bangili za harusi na mtoto mmoja, Safaa, mwenye miaka minne, ambaye wakati huo alikuwa kiti cha nyuma anamsuka nywele mwanasesere. Bangili aliziuza, akanunua gari. Abiria wa hapa na pale hawakutosha, lakini sasa zahanati moja ya kina mama ilikuwa inatafuta gari la kuwapeleka wauguzi vijiji vya mbele ya Kililana, siku tatu kila wiki. Safari ya majaribio ilikuwa Jumatatu ya baada ya wiki mbili. Gari likishindwa, kazi ingekwenda kwa mwingine, gari lingeuzwa, na yeye angebaki kula na kulala kwa ruhusa ya ami yake Jamaludin, ambaye ndiye aliyemhifadhi hapo Mokowe.

Idarus alifungua boneti akamwonyesha. Shoki za mbele, zile zinazomeza mitikisiko ya barabara, zilikuwa nzima. Tatizo ni bodi. Vichwa vya shoki vimefungwa huku na huku, kila kimoja upande wake, na barabara ikiwa na meno, kila kimoja huvuta kivyake mpaka bodi ikajinyonga na kulia. Dawa ni chuma kimoja kinachopita juu ya injini, kikiunganisha kichwa hiki na kile. Vikishikana, alisema, hakuna kitakachoyumba peke yake.

"Na raba hizi za vichwa vya shoki nizibadilishe," aliongeza. "Ndia ya Kililana haina huruma."

Chuma kiliagizwa Mombasa, na kikachelewa. Nasreen akawa anapiga simu kukiulizia, mwanzo asubuhi, kisha asubuhi na jioni.

"Chuma kimefika?"

"Chuma bado. Fundi yupo."

"Fundi sikumuagiza."

"Huyo huja bila kuagizwa, nuru ya mato yangu."

Alimwambia aache utundu, macho yake yaangalie kazi, akakata simu, kisha akabaki ameishika mkononi mpaka wali ukashika chini ya sufuria. Siku nyingine Idarus alimweleza jinsi shoki inavyofanya kazi, akimfundisha kila nati na jina lake, kwa sababu alisema mwenye gari hapaswi kudanganywa na fundi, hata fundi huyo akiwa yeye. Nasreen hakukumbuka mwanamume aliyewahi kumfundisha kitu bila kumcheka.

Jumamosi chuma kikafika. Idarus aliinua mbele ya gari kwa jeki, akabadilisha raba, akalaza chuma juu ya injini, akakaza nati haraka haraka huku jicho moja liko kwenye jua. Alisema ana jambo la kuwahi kabla ya alasiri, huku akichomeka kishada kipya cha asumini mfukoni. Alipolishusha gari Nasreen alizunguka nalo mara moja, halikulia, akaondoka na furaha yake.

Baada ya magharibi Ami Jamaludin akamwita sebuleni, uso umemkunjuka. Idarus alikuwa amekuja kuposa. Kijana wa nyumba inayojulikana Amu, tena amesema maneno ya kiume: kwamba Nasreen hatachomwa na jua tena, atamtoa kwenye usukani, gari ataliendesha yeye mwenyewe.

"Amesema hivyo, Ami?"

"Kwa kinywa chake. Mshukuru Mungu, mwanangu."

Nasreen alitoka uani akapiga simu. Hakusalimu.

"Ulisema utanitoa kwenye usukani?"

"Nilisema. Nilidhani ndilo ami yako angependa kulisikia."

"Kwani ami ndiye atakayeolewa?"

Alikata, na tangu hapo simu ya Idarus ikawa inaita bila kupokelewa. Kilichomuuma si posa. Kilichomuuma ni kwamba mtu aliyemfundisha majina ya nati ndiye aliyemnyang'anya ufunguo wake mkononi, mbele ya ami, bila kumuuliza.

Jumatatu alivaa buibui lake la mikono ya darizi, akamwacha Safaa kwa jirani, akampakia muuguzi Nerea, mama mnene mcheshi kutoka bara ambaye ndiye angeandika ripoti ya safari. Lami ilipoisha, usukani ukaanza kuvuta kushoto. Kila kona, tak, chuma kikagonga. Nerea alishika mpini wa mlango, akaacha kupiga hadithi. Walipofika mashamba ya Kililana Nasreen alikuwa analowa jasho, na simu iliyokuwa kwenye dashibodi ikawaka ujumbe. Akasimamisha gari, akausoma.

"Usinijibu kama hutaki. Lakini gari nimeikosea mimi. Tafuta mahali tambarare usimame."

Alipiga.

"Sema."

"Nilikaza chuma gari ikiwa bado juu ya jeki," Idarus alisema. Sauti yake haikuwa na utundu hata chembe. "Magurudumu yalikuwa yananing'inia. Kwa kanuni gari hushuka kwanza, ibebe uzito wake yenyewe, ndipo ukaze. Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kwa ami yako. Leo nimeishika jeki ndipo nikakumbuka. Naja na pikipiki, nusu saa."

Nasreen alimtazama Nerea, na Nerea alitazama saa.

"Usije. Niambie, nitafanya mwenyewe."

"Nasreen..."

"Ulinifundisha au hukunifundisha?"

Nerea alishika simu ikiwa kwenye spika, Nasreen akajifunga leso kiunoni juu ya buibui, akatoa spana. Idarus alimwongoza pole pole. Kila upande nati tatu zimeizunguka moja. Hiyo ya katikati asiiguse, hata aambiwe na nani, kwa kuwa ndiyo inayoizuia springi. Hizo tatu alegeze kidogo, pande zote mbili. Kisha abonyeze gari mbele, huku na huku, aliache likae linavyotaka. Nati zilikuwa ngumu. Ya mwisho aliilegeza kwa uzito wa mwili mzima, na chuma kikatoa mlio mmoja mfupi, kikatulia mahali pake.

"Kimeshusha pumzi," Nerea alinong'ona.

"Sasa kaza," Idarus alisema. "Moja huku, moja kule, kwa zamu." Akangoja mpaka spana ikanyamaza. "Na lile nililomwambia ami yako, Nasreen, nalo nililikaza juu ya jeki. Sikukungoja ukanyage chini."

Nasreen alipangusa mikono kwa leso. Alisema tu kwamba wana safari, wagonjwa wanangoja.

Gari lilipita kona zote bila neno. Wakati wa kurudi Nerea alilala usingizi kabisa, akikoroma, na hiyo ndiyo ripoti nzuri kuliko aliyoiandika kesho yake, ingawa hata hiyo ilimpa Nasreen kazi.

Jumatano Idarus alikuwa gatini. Hakukaribia upande wa dereva. Alifungua mlango wa kushoto, akaomba ruhusa ya kukaa, na Nasreen akaondoa kikapu kitini. Nyuma, Safaa alimkagua fundi kuanzia kofia mpaka viatu.

Walitoka Mokowe. Walipofika kona ya kwanza Idarus alitega sikio. Hapakuwa na mlio.

"Umeikaza kunishinda," alisema. Kisha akageuka. "Nakuuliza wewe kabla ya mtu yeyote. Utanikubali?"

"Na usukani?"

"Ni wako. Mimi nitakaa hapa hapa, nimshike mtoto."

"Mimi si mtoto," Safaa alisema.

Nasreen alibadilisha gia. Tabasamu alilolizuia tangu gatini likamshinda nguvu.

"Ijumaa tunakwenda Chundwa kwa mama. Boti ya saa mbili, usichelewe. Vaa kanzu." Akalitupia jicho kishada mfukoni mwake, kile kile cha Jumamosi. "Na hiyo asumini ubadilishe. Imekauka."