Swali la Fundi Otuoma

Kila alfajiri kabla ya kwenda shule, Gladness alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko kuosha vyombo. Baba yake, Ndalahwa, alikuwa na lori kuukuu la kubebea dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba. Baba alipokuwa akinywa chai, Gladness alipanda kwenye usukani, akazungusha ufunguo na kuliacha lori lingurume mpaka lipate joto. Ingawa alikuwa na miaka kumi na miwili tu, alijiona dereva kamili, na hakukosa kupiga honi kidogo ili majirani nao wajue.

Lori lile lilikuwa na ugonjwa wake. Bomba la kuvutia hewa ya injini lilikuwa limekatika juu, na baba alikuwa amelifunga kwa mpira wa tairi, likawa linaning'inia chini. “Nitalitengeneza mwezi huu,” alisema kila mwezi.

Ijumaa moja simu iliita mapema kutoka Bujora. Bibi Kashindye, mama yake baba, alikuwa amefariki dunia. Gladness alilia mpaka kwikwi ikamshika, maana bibi huyo ndiye aliyemlea alipokuwa mdogo, akimbeba mgongoni hata wakati wa kupalilia mahindi.

Maziko yalipangwa kufanyika kesho yake, na lori ndilo lililotegemewa kubeba waombolezaji, masufuria na viti. “Siwezi kwenda kumzika mama yangu kwa gari linalonuka dagaa,” baba alisema. Akaondoka na mdogo wake, Shimba, aliyefanya naye kazi kwenye lori, hadi ufukweni mwa ziwa, mahali ambapo madereva huingiza magari majini ili kuyaosha. Gladness aliwafuata na ndoo na sabuni.

Hawakujua kwamba wachimba mchanga walikuwa wameacha shimo chini ya maji. Gurudumu la mbele lilididimia, lori likainamisha kichwa kama ng'ombe anayekunywa, injini ikakoroma mara moja na kuzimika. Ilibidi lori jingine lilivute kwa mnyororo mpaka nyumbani.

“Injini imekunywa maji,” baba alisema kwa huzuni. “Mtu yeyote asiliwashe mpaka fundi aje kesho asubuhi. Shimba, kaa na ufunguo.”

Baba mdogo Shimba akautia ufunguo katika mfuko wa koti lake.

Jioni ile nyumba ilijaa watu. Gladness alimsikia mama yake akimwambia jirani, “Lori likishindwa, nusu ya watu hawa watabaki hapa.” Maneno hayo yalimchoma. Baba mdogo alikuwa amelitundika koti mlangoni, akaenda kuoga. Gladness akauchukua ufunguo. Lori linanijua mimi, alijiambia, haliwezi kunikatalia.

Alizungusha ufunguo. Injini ilijikaza, ikatoa mlio mmoja mzito, kisha kimya. Alijaribu tena, ikagonga vilevile. Alishuka, akaurudisha ufunguo mfukoni, akajichanganya na watu waliokuwa wakiimba nyimbo za maombolezo. Kwa sababu ya nyimbo hizo, hakuna aliyesikia kitu.

Asubuhi Fundi Otuoma, mwenye gereji mtaa wa pili, alifika na boksi lake la spana. Kabla hajagusa chochote aliuliza, “Ndalahwa, lori lilipoingia maji, kuna mtu aliyepiga stata baadaye, kujaribu kuliwasha?”

“Hakuna,” alisema baba.

“Ufunguo ulikuwa kwangu,” alisema Shimba. “Hakuna aliyegusa.”

“Nauliza kwa sababu maji hayabanwi,” fundi alieleza. “Injini ikizungushwa ikiwa na maji ndani, pistoni inayagonga kama inagonga jiwe. Basi konrodi, kile chuma kinachoishika pistoni, kinapinda. Kama kimepinda, siwashi, naifungua injini kwanza. Kama haikuguswa, nitatoa maji, nitabadilisha oili, na mtawahi maziko.”

Gladness alikuwa amesimama karibu na ngazi ya lori. Jibu lilikuwa mdomoni mwake. Alimtazama baba, macho yake mekundu kwa kilio, akaogopa. Akanyamaza.

Fundi alifungua nozeli za kuingizia dizeli, akaizungusha injini, maji yakaruka nje. Oili iliyotoka chini ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akaweka mpya, akafunga kila kitu, akamwambia baba awashe. Lori likanguruma, na watu waliokuwa uani wakamshukuru Mungu kwa sauti. Lakini ndani ya injini kitu kilianza kugonga, ko, ko, ko, kila mara kwa nguvu zaidi.

“Zima!” alipiga kelele fundi. Alikuwa amechelewa. Chuma kilitoboa ubavu wa injini na oili ya moto ikamwagika chini.

Fundi Otuoma alichungulia lile tundu kwa muda, kisha akajifuta mikono. “Konrodi ilikuwa imeshapinda. Kuna mtu alipiga stata.”

Baba akamgeukia mdogo wake. “Ufunguo ulikuwa kwako!”

“Kaka, sikugusa.”

“Basi lilijiwasha lenyewe? Shimba, siku ya kumzika mama unanifanyia hivi!”

Shimba alichukua koti lake, akaenda kutafuta bodaboda ya kumpeleka Bujora peke yake.

Zilipatikana pikapu mbili za kukodi, na kweli watu wengi walibaki Kirumba. Makaburini, watoto wawili wa marehemu walisimama mmoja upande huu na mwingine upande ule. Walipoitwa kutupa udongo, baba alitupa wake harakaharaka na kurudi nyuma kabla Shimba hajamkaribia. Wazee waliona, wakatazama chini. Gladness naye aliona, na moyo ulimuuma kuliko alivyowahi kuumwa.

Asubuhi iliyofuata, wanaukoo walikaa kikao kule Bujora kabla ya kutawanyika. Fundi Otuoma, aliyekuja kuwafariji, alikuwepo pia. Baba alisema kwamba hataki tena kufanya kazi na Shimba.

“Sawa, kaka,” alijibu Shimba. “Nitarudi kulima.”

Watoto hawakutakiwa kusema katika kikao kile, lakini Gladness alisimama. “Shikamooni,” alisema, sauti ikitetemeka. “Baba, ni mimi niliyepiga stata. Nilichukua ufunguo kwenye koti la baba mdogo. Nilitaka tuwahi kumzika bibi.”

Fundi Otuoma akatikisa kichwa. “Mficha maradhi kifo humuumbua. Ungenijibu jana, binti yangu, ningebadilisha konrodi moja. Sasa injini ile haifai tena. Ila msikate tamaa, nitawatafutia ya mtumba.” Wazee wakaahidi kuchangia kila mmoja kwa uwezo wake.

Baba aliinuka, akavuka uwanja, akapiga magoti mbele ya mdogo wake. “Nisamehe, Shimba. Nimekuonea. Hata maji yale yasingeingia kama ningelitengeneza lile bomba.”

“Inuka, kaka,” alisema Shimba, akamshika mkono na kumwinua.

Gladness aliwasogelea akilia. “Baba mdogo, utanisamehe na mimi?”

Shimba akamvuta karibu. “Nimekusamehe. Lakini nisikilize, mwanangu. Lori litapata injini nyingine na litatembea. Mama yetu tumemzika mara moja tu, na mimi nilimzika huku kaka yangu akiwa amenipa mgongo. Hilo hakuna fundi wa kulitengeneza. Siku nyingine ukikosea, sema palepale, hata kama unatetemeka. Ukichapwa, maumivu yatapoa. Ukinyamaza, atakayeumia ni mtu asiye na kosa.”

Baadaye ndugu wale wawili walikwenda makaburini pamoja, Gladness akiwafuata nyuma. Walisimama bega kwa bega mbele ya kaburi la mama yao, lakini kaburi lilikuwa limekwisha kufukiwa tangu jana, na hawakuwa na udongo wa kutupa.