Sanduku la Mwalimu Raudha

Kila siku Bi Wahiba huamka kabla ya adhana ya alfajiri. Huswali, kisha huwasha jiko la mkaa na kuchoma vitumbua. Wateja wake ni majirani wa Chamazi wanaowahi kazini. Jua likitoka, unga wote huwa umekwisha.

Zamani walikuwa wawili jikoni. Binti yake, Raudha, alimsaidia kugeuza vitumbua, kisha alinawa mikono na kwenda shule. Raudha alikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya msingi ya jirani.

Mwezi wa nne, wakati wa masika, Raudha alipata homa. Aliugua siku nne. Siku ya tano alifariki. Aliacha mtoto mmoja, Alya, mwenye miaka tisa. Raudha na mumewe walikuwa wameachana zamani, kwa hiyo Alya alibaki na bibi yake.

Siku ya mazishi, kabla jeneza halijatoka, mjomba wa Raudha alisimama barazani. Jina lake Badru. Alisema kwa sauti ili watu wote wasikie:

"Ndugu zangu, kama kuna mtu anamdai marehemu, au ana amana yake kwa marehemu, aseme sasa. Au aje kwa familia. Mtoto wetu asiende na cha mtu."

Bi Wahiba alikuwa ndani na wanawake wenzake. Alisikiliza. Hakuna aliyejibu. Moyo wake ulitulia kidogo. Alisema, "Alhamdulillahi. Mwanangu hana la mtu."

Ilipofika arobaini, nguo za Raudha zilitolewa sadaka. Viatu vilitolewa. Kitu kimoja tu Bi Wahiba alikizuia. Kilikuwa sanduku la mbao la rangi ya kijani, lenye kufuli. Raudha alikuwa akilileta nyumbani kila Ijumaa kwa bajaji na kulirudisha shule Jumatatu. Ndani mlikuwa na vitabu. Watu wote waliliita sanduku la Mwalimu Raudha. Hata watoto wa darasani waliliita hivyo.

Bi Wahiba alilisukuma chini ya kitanda chake. Alilifunika kwa kanga. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga aliyovaa. Hakulifungua hata siku moja. Lakini kila Ijumaa, Alya akiwa shule, alilivuta na kulipangusa kwa kitambaa. Juu ya kifuniko paliandikwa herufi kubwa nyeupe. Bi Wahiba hakujua kusoma herufi hizo. Aliamini ni jina la mwanawe. Alizipangusa moja moja, taratibu, huku akimsomea Yasini aliyoihifadhi kwa moyo.

Miezi saba ilipita.

Siku moja mwezi wa kumi na moja, Alya alirudi shule akiwa amenuna.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona umekunja uso kama kitumbua kilichoungua? Umesoma nini leo?"

"Sijasoma. Kitabu kimoja tunasoma watu tisa. Mie nakaaga upande wa pili wa meza. Naona herufi ziko kichwa chini."

"Si uhamie upande wa huku?"

"Upande wa huku wapo wakubwa, wananisukuma. Nimeshazoea, bibi. Mie nasoma hivyo hivyo kichwa chini."

Bi Wahiba alitaka kucheka, akashindwa. Alya akaendelea kwa sauti ndogo:

"Wakati wa mama tulikuwa na vitabu vya hadithi. Kila watu watatu kitabu chao. Vile vya kwenye sanduku."

"Vya mama yako ni vya mama yako," bibi alisema kwa ukali. "Nisikusikie tena."

Alya aliingia ndani. Usiku ule hakula vizuri.

Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, walikuja wageni wawili. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Jonas, mwalimu mkuu wa shule. Ni mtu wa bara, mrefu, mpole sana. Wa pili alikuwa mwanamke aliyevaa mtandio wa bluu na kushika faili.

"Shikamoo mama," alisema yule mwanamke. "Naitwa Farida. Mie ni mkutubi. Nafanya kazi maktaba. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa. Karibuni mkeka."

Walikaa. Bi Wahiba aliwapa chai. Mwalimu Jonas alishika kikombe bila kunywa. Alitazama chini. Alikohoa mara mbili.

"Mwalimu, sema," Farida alimwambia. "Chai itapoa na maneno yatapoa."

"Mama," Mwalimu Jonas alianza, "kuna jambo. Lile sanduku la kijani. Sanduku lile... halikuwa la marehemu."

"La nani?"

"La maktaba, mama. Shule ililiazima."

Bi Wahiba aliweka birika chini.

"Mwalimu. Siku ile ulikuwepo hapa?"

"Nilikuwepo."

"Ulimsikia Badru?"

"Nilimsikia, mama."

"Aliuliza mwenye amana yake. Ulikuwa wapi mdomo wako?"

Mwalimu Jonas alifuta jasho. "Mama, kwetu mtu haendi msibani kudai kitu. Ni aibu kubwa. Nilisema ningoje wiki moja. Wiki ikawa mwezi. Kila nikipita hapa na kukuona, nilishindwa."

"Kwetu aibu ni kunyamaza," alisema Bi Wahiba. Machozi yalianza kumtoka. "Miezi saba mie nalala juu ya amana ya watu. Na mwanangu huko aliko, kalala nayo. Ya Rabi, nitamwambia nini?"

Nje mvua ya vuli ilianza kudondoka kwenye bati.

Farida alisogea karibu yake. "Mama, nisikilize. Raudha hakukosea. Alilileta hapa ili lisinyeshewe wala lisiibwe. Tuliokosea ni sie tulio hai. Mwalimu aliogopa kusema. Na sie maktaba tulikaa kimya miezi yote hiyo bila kuja kuuliza."

"Na hilo sanduku lenu kazi yake nini hasa?" Bi Wahiba aliuliza huku akijifuta macho.

"Shule nyingi hazina chumba cha vitabu," alisema Farida. "Kwa hiyo maktaba yetu inafunga vitabu arobaini ndani ya sanduku na kuvipeleka shuleni. Shule inakaa nalo muhula mmoja. Muhula ukiisha, tunalihamishia shule nyingine. Ile ya kwanza inapata sanduku jingine lenye vitabu vingine. Hivyo watoto hawachoki, na vitabu havikai bure. Tena tunawaita walimu na kuwafundisha namna ya kuvitumia. Raudha alikuja. Alikaa mbele kabisa. Alikuwaga na maswali mengi yule!"

Bi Wahiba alitabasamu kidogo sana. "Tangu mdogo."

Kisha tabasamu likapotea. "Kwa hiyo kuna shule ilikuwa inalingoja hili?"

Farida alisita. "Ipo."

"Bado inangoja?"

"Bado, mama."

"Watoto wa shule mbili," alisema Bi Wahiba polepole. Alifungua pindo la kanga na kutoa ufunguo.

Walilivuta sanduku pamoja. Lilikuwa safi kwa juu. Lakini kufuli lilipofunguka, harufu ya udongo ilitoka. Farida aliinua vitabu vya juu. Vilikuwa vizima. Aliinua vya katikati. Vilikuwa na njia nyembamba za udongo. Vya chini havikuwa vitabu tena. Mchwa walipanda kutoka sakafuni wakatoboa mbao. Kurasa zilikatika mkononi kama majani makavu.

Farida alihesabu. Vitabu kumi na saba vilikuwa vimeliwa.

"Niliwafungia watoto," alisema Bi Wahiba, "nikawafungulia mchwa."

Aliokota vipande vya kurasa sakafuni.

Kisha aliuliza, "Tutawalipa nini?"

"Hamtalipa. Mwalimu mkuu atajaza fomu ya vitabu vilivyoharibika, na sie tutaviondoa kwenye orodha. Vitabu huharibika, mama. Sie tungependa viharibiwe na mikono ya watoto. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa hatukililii."

Kati ya vile vitabu vya juu, ndani ya mfuko wa nailoni, mlikuwa na daftari. Farida alilifungua.

"Ni mwandiko wa Raudha," alisema.

"Nisomee."

Farida alisoma: "Alya. Anaharakisha sana. Hatulii kwenye nukta. Asome na mimi polepole."

Alya alikuwa amesimama mlangoni. Alijificha uso kwa mikono.

Farida alifunua ukurasa mwingine. "Tabu. Sauti ndogo, anaogopa wenzake. Apewe kitabu kifupi aende nacho nyumbani, akamsomee mdogo wake." Akaangalia pembeni ya ukurasa. "Na hapa ameandika kuwa Tabu alichukua kitabu namba thelathini na moja. Hakijarudi. Ndiyo maana humu vimo thelathini na tisa."

Mwalimu Jonas alilichukua lile daftari. Alilipekua mpaka mwisho. Kila mtoto alikuwemo, na kila mtoto na shida yake.

"Mwalimu aliyelipokea darasa hili hakujua lolote," alisema kwa sauti nzito. "Anaanza upya na watoto mia moja na kumi na nane. Na majibu yalikuwa hapa chini ya kitanda."

"Basi tusirudie," alisema Farida. "Jumatatu nitaleta sanduku jingine. Safari hii lisiitwe kwa jina la mtu. Ni la shule. Walimu wawili waweke sahihi, mmoja akiondoka mwingine abaki anajua. Daftari likae ofisini kwako. Sanduku lisilale chini, liwekwe juu ya kitu. Na likae shuleni."

"Darasa halina kitasa," alisema Mwalimu Jonas.

"Ofisi yako ina kitasa?" Bi Wahiba aliuliza.

"Inacho."

"Sasa unatuambia habari za darasa za nini? Weka ofisini, asubuhi lipelekwe darasani, mchana lirudi." Alielekeza kidole pembeni ya chumba. "Na meza ile uichukue. Ndiyo aliyokuwa anasahihishia madaftari. Liwekeni juu yake."

Jumatatu Bi Wahiba hakuchoma vitumbua. Alivaa baibui, akaenda shule na Alya. Sanduku jipya lilikuwa juu ya meza ya Raudha. Watoto walijaa darasani, wengine wamekaa sakafuni. Bi Wahiba alimwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kusema. Alisimama mbele.

"Wajukuu zangu, hamjambo?"

"Hatujambo! Shikamoo bibi!"

"Marahaba. Mie ni mama yake Mwalimu Raudha. Mie nilikaa na kitu kisicho changu. Sikujua. Leo nimekirudisha. Sasa nawauliza na nyie. Kuna mtu ana amana ya mwalimu wenu? Aseme. Hachapwi. Hachekwi."

Watoto walitazamana. Kisha nyuma kabisa mtoto mmoja alianza kulia. Alikuwa Tabu. Alifungua mkoba wake akatoa kitabu.

"Mwalimu alinipa," alisema kwa sauti isiyosikika vizuri. "Halafu akafa. Niliogopa watasema nimeiba. Nakuja nacho kila siku, labda nitaulizwa."

Miezi saba alikuwa akikibeba. Pembe za kitabu zilikuwa laini. Jalada lilishikwa kwa gundi ya ugali. Farida alikihesabu kurasa. Hakuna hata moja iliyokosekana.

"Umekisoma?" alimuuliza.

"Mdogo wangu anakijua chote. Nikiruka neno ananigombeza."

Farida alicheka, kisha akageuka dirishani akafuta macho.

Siku zile hazikurudi kama zamani. Raudha hayupo, na vile vitabu kumi na saba havipo. Lakini yako mambo yaliyobadilika. Lile sanduku la zamani lilitibiwa mchwa, likajazwa vitabu na kupelekwa kwenye shule iliyokuwa ikingoja. Mwalimu mpya wa darasa anatumia daftari la Raudha, na ameongeza kurasa zake. Watoto wanasoma hadithi mara mbili kwa wiki, watatu kwa kitabu kimoja. Tabu sasa anasikika mpaka kwa waliokaa mstari wa tatu. Alya anasoma herufi zikiwa zimesimama wima, na anajitahidi kutulia kwenye nukta.

Bi Wahiba aliomba kazi moja tu, nayo akapewa. Kila Ijumaa asubuhi anakwenda ofisini kwa Mwalimu Jonas na kupangusa sanduku. Ijumaa ya kwanza Alya alikuwa naye. Bi Wahiba alipitisha kitambaa juu ya kifuniko. Akasimama ghafla. Herufi zilikuwa zile zile, nyeupe, kubwa.

"Alya, njoo. Hapa pameandikwa nini?"

Alya aliinama. Hakuharakisha. Aliweka kidole kwenye kila herufi.

"Ma... kta... ba. Maktaba, bibi."

"Na lile la nyumbani, liliandikwa hivi?"

"Ndiyo, bibi. Hivi hivi."

Bi Wahiba alizitazama kwa muda mrefu. Miezi saba alizipangusa kila Ijumaa.

"Niwekee kidole changu hapo," alisema. "Nionyeshe ile ya kwanza."