Hodi ya Tatu

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi sauti asiyeamini hata utabiri wa mvua. Alikuwa amemzika mkewe wiki tatu nyuma.

Studio yake haina dirisha. Mchana mmoja umeme ulikatika, ukabaki mwanga wa laptopu yake inayotumia mfumo wa Linux, ambayo ilikataa kukitambua kile kisanduku cha kuunganishia maikrofoni na hedifoni. Alibadili waya, akazima, akawasha, akaandika amri ya kuorodhesha vifaa vya sauti. Jibu ni lile lile: hakuna kifaa. Akasonya, akauchomoa waya.

Hedifoni zikasema, "Hodi."

Ilikuwa sauti ya mkewe, ambaye hata studio ya mumewe hakuingia bila kubisha, naye fundi alizoea kutomwitikia, masikio kayaziba kwa hedifoni.

"Hodi. Baba watoto, upo?"

Akautazama waya aliouchomoa.

Ya tatu ilikuwa ya chini sana. "Hodi."

"Karibu! Mama watoto, karibu ndani!" akapaza sauti kwenye maikrofoni.

Waya ulikuwa bado mkononi mwake; maikrofoni haikuwa imeunganishwa na chochote. Kisha akasikia kandambili zikiondoka taratibu, kama za mgeni aliyebisha mara tatu asiitikiwe.