Kamera ya Kuazima

Jumamosi jioni bustani ya Mama Ngina hakuna pa kuweka mguu. Watu walijaa ukingo mzima wa bahari, watoto wakidai barafu, kina mama wakishikilia mabuibui yasipeperuke, na moshi wa mihogo ya kuchoma ukimpita kila mtu bila kuchagua. Mwanaesha alikuwa amesimama mbele ya karai la muuza kachiri za muhogo wa kukaanga. Alivaa buibui lenye nakshi za fedha mikononi na mtandio wa zambarau, na alinukia udi. Alitoa kijikamera chekundu kwenye pochi, akapiga picha ya mkono uliokuwa ukinyunyiza pilipili.

"Samahani, dada," sauti ilisema ubavuni pake. "Hiyo ni kamera au kibiriti?"

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu wa shati jeupe lililonyooshwa vizuri, shingoni amening'iniza kamera kubwa nyeusi, zile za kisasa zisizo na kioo ndani, zenye lenzi nene ya kuvuliwa na kubadilishwa.

"Kibiriti," alijibu. "Jihadhari kisikuunguze."

Muuza kachiri ndiye aliyeanza kucheka. Kijana naye akacheka, akasema jina lake ni Awadh, na kazi yake ni kuwapigia picha za leso wenye maduka ya Biashara Street. Mwanaesha alimwambia kwamba yeye hupiga picha za arusi, upande wa wanawake.

"Kwa kibiriti hicho?"

"Kwa kibiriti hiki. Wataka tushindane?"

Walilipiga picha karai lile lile. Jua lilikuwa limeshatua, na kwenye picha ya Mwanaesha giza lilijaa chengachenga. Ya Awadh ilikuwa safi mpaka punje za pilipili zilihesabika, na watu wa nyuma wamefifia vizuri. Lakini mbele ya kamera ile kubwa muuza kachiri alikuwa amejifuta jasho na kusimama wima, amekaza uso utadhani apigwa ya kitambulisho. Kwenye ile ndogo alikuwa akimcheka mteja wake, mdomo wazi.

"Yako ni safi," Mwanaesha alikiri, shingo upande.

"Yako ina mtu," Awadh alisema, na safari hii hakuwa akitania.

Nambari za simu walipeana hapo hapo, na kutoka siku hiyo simu hazikupoa.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Mimi nimeshiba sauti yako."

"Basi nenda kamwambie mamako asikupakulie."

Mapenzi yaliendelea hivyo, kwa utani na kwa heshima. Awadh hakuwahi kumwona Mwanaesha bila mtandio, wala hakuwahi kuomba. Kitu kilichomkosesha Mwanaesha raha kilikuwa kingine. Kwenye arusi moja ya Kibokoni, shangazi wa bibi arusi alimtazama, akakitazama na kijikamera mkononi mwake, kisha akauliza kwa sauti, "Mpiga picha mbona hajafika?" Wanawake walicheka kidogo, bila ubaya. Mwanaesha alicheka nao, na alipofika nyumbani akalia, uso kwenye mto.

Kwa hivyo Bi Shariffa alipomwita ampigie picha za arusi ya bintiye Hadeel, Mwanaesha alimwomba Awadh kamera yake.

"Chukua," Awadh alimwambia. "Lakini nambia, hicho kibiriti kimekukosea nini?"

"Chanitia haya."

Awadh alimfundisha alasiri nzima, katika duka la leso alikokuwa na meza yake: wapi pa kuongeza mwanga, vipi kuchungulia kwenye kidirisha chake na kuiona picha itakavyotoka kabla hujaipiga. Kitu kimoja alisahau kumwambia. Kamera ile ilikuwa imeunganishwa na simu yake, na kila picha iliyopigwa iliruka yenyewe kuingia kwenye simu, maana wenye leso huzitaka picha saa hiyo hiyo wazitume kwa wateja. Alikuwa ameshaizoea hata haikumjia akilini.

Sasa, msomaji, kupamba, ile sherehe ya kumwonyesha bibi arusi aliyepambwa, ni jambo la wanawake peke yao. Mabuibui huvuliwa mlangoni, nywele huachiwa, magauni huonekana. Simu hukusanywa kapuni, na mwenye kupiga picha ni mwanamke mmoja anayeaminiwa, ambaye picha zake humfikia bibi arusi na kuishia hapo. Kilichomlisha Mwanaesha kilikuwa amana hiyo. Alikuwa na desturi ya kuitia simu yake kapuni kwanza, wenzake wote wakimwona.

Jioni hiyo aliitia kama kawaida. Nje, Awadh alikaa kwenye baraza chini ya dirisha, amngoje amsindikize nyumbani. Ndani, Mwanaesha alivua buibui, akabaki na gauni la kijani, nywele zimemwagika mabegani. Alisimama mbele ya kioo, akajipiga picha moja kujaribu mwanga. Kisha akaanza kazi. Alizipiga hina, alimpiga Hadeel aking'aa kwa dhahabu na asumini, aliwapiga waliokuwa wakicheza. Yule shangazi wa Kibokoni alikuwapo, akaitazama kamera, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Leo mpiga picha amekuja," alisema. Mwanaesha alivimba kichwa.

Alipotoka, barazani hapakuwa na mtu. Simu yake ilijaa simu za Awadh alizokosa, zimefuatana. Alipompigia, simu ilikuwa imezimwa.

"Na huyo wako wa kukusindikiza yuko wapi?" binamu za Hadeel walimwuliza.

Mwanaesha alitafuta uongo, akaukosa. Alitembea nao vichochoroni akitabasamu kwa meno tu, na moyoni alikuwa akimwambia Awadh maneno yasiyoandikika hapa. Alimweleza waziwazi kwamba simu hukusanywa. Mwanamume gani huyo, apige na kupiga, kisha akasirike aende zake?

Siku mbili Awadh hakuonekana. Ya tatu Mwanaesha aliitoa kadi ya picha, akaichukua kamera mpaka dukani, akaiweka juu ya leso zilizokunjwa.

"Kamera yako hii, ahsante. Na siku nyingine ukimwahidi mtu kumngoja, mngoje."

Awadh hakuinua uso. Ndevu hakuwa amezichonga, na shati halikuwa limeona pasi.

"Kaa, Mwanaesha."

"Sikai."

"Basi sikiliza ukiwa umesimama." Alifungua mtoto wa meza, akatoa simu iliyozimwa. "Hino sijaiwasha tangu siku ile. Kamera ilikuwa yaleta picha humu. Nilisahau kuifunga. Nimekupigia mpaka nikachoka, na picha zazidi kuingia, nikaona heri niizime niondoke pale."

"Umeziona?"

"Ya kwanza niliiona. Nilidhani wewe waniletea ujumbe. Zingine sikuzifungua, wallahi."

Jibu alilijua, lakini aliuliza. "Ya kwanza ni ipi?"

"Yako," Awadh aliziambia leso. "Kwenye kioo."

Mwanaesha alijikuta ameushika mtandio wake na kuuvuta mbele, kama kwamba ungeweza sasa kufunika jambo la juzi.

"Mbona hukuja kunambia?"

"Nimekuja mpaka kwenye pembe ya nyumba yenu, nikarudi. Ningesema nini? Kwamba nimekuona hivyo, na ruhusa hukunipa?"

"Ungezifuta, nami nisingejua."

"Nizifute vipi bila kuziona? Na si zangu." Alimsukumia simu. "Amua wewe. Nimeona haya hata kumtazama mamangu."

Mwanaesha alitaka kukasirika, hasira haikuja. Ilikuja aibu, na ilikuwa yake mwenyewe. Kijikamera chake chekundu hakikuwa na uwezo wa kumpelekea mtu yeyote chochote. Picha zake zilikaa ndani mpaka azitoe kwa mkono wake. Yeye alikionea haya mbele ya mashangazi, akaazima fahari ya mtu, na fahari ile ikawatoa wanawake wa watu nje ya dirisha.

Angeweza kunyamaza. Aliliwaza hilo mpaka mlangoni kwa Bi Shariffa, na hata alipobisha alikuwa bado analiwaza.

"Shikamoo, Bi Shariffa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Picha ziko tayari?"

Hadeel alikuwa hapo na mamake, hina bado haijafifia mikononi. Mwanaesha aliiweka simu juu ya mkeka, na kadi ya picha kando yake, akaeleza yote, uso ukimwaka, macho kwenye ncha za vidole vyake.

"Huyo kijana," Bi Shariffa aliuliza mwisho, "ameona zipi?"

"Moja tu, asema."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Nawe wamwamini?"

Mwanaesha alifikiri juu ya ile simu iliyolala ndani ya mtoto wa meza. "Namwamini."

Bi Shariffa alishusha pumzi. "Hadeel, iwashe simu uzifute." Kisha akamgeukia tena Mwanaesha. "Wajua kwa nini nilikuita wewe? Bibi arusi wa Kibokoni ni jamaa yetu, alinionyesha picha zako nyumbani kwake. Marehemu mamangu, alipokuwa bado hai, mle alikuwa yuwacheka. Maisha yake yote mbele ya makamera makubwa hakucheka hata siku moja. Nikasema, namtaka yule wa kamera ndogo. Nawe ukanijia na kubwa."

Hapo ndipo Mwanaesha alipolia.

Lakini Bi Shariffa hakuishia kwenye machozi. Kila mwanamke aliyeonekana kwenye zile picha alipigiwa simu pale pale, na kila mmoja Mwanaesha alimwambia kwa kinywa chake mwenyewe. Wengine walinyamaza, mmoja alimwombea dua. Shangazi wa Kibokoni alimwambia asikanyage tena nyumbani kwake, akakata simu, na mpaka leo hajakanyaga.

"Mwezi ujao mpwa wangu aolewa," Bi Shariffa alimwambia akimsindikiza mlangoni. "Wajua uje na ipi."

Kabla ya magharibi Mwanaesha alipita dukani, akamrudishia Awadh simu yake. "Iwashe," alimwambia, neno hilo tu, akaenda zake. Hakuwa amefika pembeni simu yake ilipolia. Aligeuka, Awadh alikuwa amesimama mlangoni pa duka, leso zimening'inia pande zote, simu sikioni.

"Zimefutwa zote?"

"Zote. Hadeel amezifuta mwenyewe."

"Na yako?"

"Na yangu."

"Mwanaesha, ile niliiona. Kwenye simu haipo, lakini mimi siwezi kuifuta. Nimejaribu, na haya zanimaliza."

Mwanaesha alihisi uso ukimwaka tena, ila safari hii hakuukinga kwa mtandio.

"Basi njoo nyumbani Ijumaa, useme na babangu," alimwambia. "Huwezi kukaa nayo hivi hivi."

Kule mlangoni Awadh alishika nguzo. Sauti yake ilipotoka ilitaka kuleta utani, ikashindwa nusu njia. "Nije na kamera gani?"

"Kamera ziwache. Njoo na mamako."