Siku Talitha Alipoongoza Njia

Kila Jumamosi, baada ya kufagia uwanja na kuteka maji, Talitha alikwenda kanisani na vijana wenzake. Huko mwalimu Abner aliwafundisha kusoma ramani na kutumia dira, ambayo watu wa mji wa Kamina, nchini Kongo, huiita busole. Wenzake walipoandika, Talitha alipiga soga. Kisha, kwenye jaribio, akanakili majibu ya rafiki yake Kapenda. Alipata tisa kwa kumi, na mama yake, Lucienne, fundi cherehani, akamsifu kwa majirani wote.

Mwaka 1997 vita vikakaribia. Askari waliokimbia mapigano walijaa barabarani, wakinyang'anya watu baiskeli na vyakula. Mama akaamua kupita porini hadi kijijini kwa bibi, upande wa kaskazini. Mwalimu Abner akawaazima busole na ramani.

"Talitha, weye njo utaongoza. Unajua kweli?" Mama aliuliza.

"Minyi najua, Mama. Si nilipata tisa!"

Waliondoka alfajiri, wakavuka reli na kuingia porini. Mama alisukuma baiskeli iliyobeba gunia la unga na Théo, mdogo wake Talitha. Mawingu yalificha jua, na majani yaliwapita kimo. Talitha alichoka kuishika dira, akaiegemeza juu ya usukani na kuisoma hapohapo.

Baada ya mwendo wa saa nne majani yakaisha ghafla. Mbele yao ilikuwa reli ileile waliyoiacha asubuhi, na sauti za askari zilisikika ng'ambo. Wakarudi nyuma wameinama. Théo akaanza kulia; Mama akamziba mdomo kwa kiganja. Talitha aliigeuza ramani huku na huku. Pori lilikuwa sawa pande zote.

"Kaskazini iko wapi?" Mama alinong'ona.

Talitha alizidi kuigeuza ramani.

"Nakuuliza, mutoto!"

"Sijui, Mama. Hata darasani sikujua. Nilinakili kwa Kapenda."

Mama hakumpiga. Alikaa chini. "Na minyi nilikusifu mpaka kwa mke wa pasta!" Akanyoosha mkono. "Lete busole. Hii sindano yake ni kitu gani?"

"Ni sumaku. Hilo nililisikia."

"Sumaku! Minyi naokotea sindano za cherehani nayo. Inapenda chuma. Na weye umeiweka juu ya nini?"

Talitha aliutazama usukani. Chuma kitupu! Akaichukua dira mkononi mwa Mama, akasogea hatua kumi mbali na baiskeli. Sindano ikayumba, ikatulia upande mwingine kabisa.

Tangu hapo, kila alipopata shaka alisema, "Mama, hapa sijui," nao wakaisoma ramani pamoja. Giza likianza kuingia, walisikia mbwa wa kijiji wakibweka.

Bibi alipowapa ugali, Mama alisema, "Kabla hatujaondoka ungesema hujui, mwalimu angekuonyesha kwa dakika tano. Ukaona haya, ukatuzungusha asubuhi nzima mpaka mbele ya bunduki. Asiyejua akisema hajui, hufundishwa. Anayejifanya anajua hupotea, na huwapoteza wenzake. Sasa kula. Kesho tutaisoma hiyo ramani mwanzo mpaka mwisho, na ole wako ukibuni."