Mwimbaji Aliyekataa Kutunzwa

Fungu la mwisho la lengalenga pale sokoni Cabramatta, Sydney, lilishikwa na mikono miwili kwa mpigo mmoja. Mmoja ulikuwa wa Kasoki, bado yumo kwenye sare yake ya buluu ya kulea wazee, kitenge amekifunga kichwani kishari. Wa pili ulikuwa wa mzungu mwenye ndevu nyekundu na koti la sufu lililochoka.

“Samahani dada, mchicha huo nimeuona kwanza.”

Kasoki akashusha barakoa amtazame vizuri. “Eh! Weye unasemaka Kiswahili? Kwanza hii si mchicha, ni lengalenga. Pili, achilia!”

Mzungu huyo, jina lake Fintan, akacheka, akaachilia. Alikuwa Mwairishi, na Kiswahili alikiokota Kigoma alikofundisha ujanani. Kisha akaitupa chaki, akaishi kwa sauti yake: baa za Galway, kumbi za Boston, hadi ziara ya Sydney iliyokatishwa na korona. Mipaka ikafungwa naye yumo ndani, na sasa alipanga maboksi katika ghala huko Smithfield.

Wakaanza kutembeleana, na nyimbo zake ndizo zilizommaliza Kasoki. Za waliopanda meli kwa njaa wasirudi, za vijana walionyongwa kwa kukataa kuinama, za binti aliyemfungia tajiri mlango. Aliziimba bila chombo, macho ameyafumba.

“Niimbie ile ya binti mukaidi, chéri.”

“Kila siku hiyo hiyo?”

“Kila siku. Anafanana na mimi.”

Siku ya Pasaka Kasoki akampeleka kwenye sherehe ya ukoo kwa mjomba Bahizire, aliyemlea tangu Butembo, Kongo. Fintan alipoimba, ukumbi mzima ulitulia. Kasoki, gauni la kitenge limemkaa sawasawa, fahari ikampanda. Akainuka akicheza, akambandika noti kwenye paji la uso.

Fintan akakata wimbo katikati. “Mimi si ombaomba, Kasoki.” Akachukua koti lake, akatoka. Kasoki akabaki na aibu mbele ya ukoo mzima, na aibu hiyo ilimuuma kuliko jino.

Hakuna aliyempigia mwenzake. Lockdown ikaingia, mitaa ya kwao Fairfield ikajaa polisi na wanajeshi, na mjomba akapata la kusema. “Umeona mwimba baa wako? Rodrigue wa Melbourne anakutaka. Mukristo, ana kazi ya maana.”

“Kama ni muzuri vile, uolewe naye weye, mjomba.”

Ndipo Fintan akapiga. “Nimepata kiti cha ndege. Naondoka jioni. Nilitaka kukuaga.”

“Kuaga? Weye ulinitupa mbele ya batu!”

“Ulinibandika pesa usoni nikiimba.”

“Nilikutunza! Kwetu kumutunza mwimbaji ni heshima. Nilikuwa naambia bajomba: huyu ni wangu!”

“Kwetu wimbo wa kale ukiimbwa, hakuna anayetikisika. Anayekupenda hukushika mkono tu. Nilikuwa nangoja unishike.”

“Na nani aliniambia? Usitoke kwa nyumba. Ninakuja.”

Akatoka mbio na ndala zake. Mjomba akampigia simu akiwa njiani, na kabla hajamaliza kumkaripia, askari akamsimamisha Kasoki. Alimweleza kwamba siku hizo hakuna kutembeleana, isipokuwa kwa mwenzi. Anakwenda kwa nani?

Kasoki hakukata simu. Aliiinua mjomba asikie. “My fiancé, muchumba wangu,” akasema kwa sauti ya kanisani. “Anaishi Smithfield.”

Askari akampisha. Simu ikafoka: “Kasoki! Umesema nini?”

“Umesikia, mjomba.”

Fintan alimfungulia mlango, sanduku limeshafungwa. Kasoki alikuwa anahema, na hakungoja salamu.

“Nimeambia polisi na mjomba kwamba utanioa. Mimi si muongo, Fintan. Nakupenda, lakini sitabembeleza mutu. Sema sasa.”

Fintan akalitazama sanduku, kisha akamtazama yeye. Akalisukuma ndani kwa mguu.

“Na mjomba wako?”

“Atakuja ku harusi ao atabaki kwake,” akajibu Kasoki, akipita mbele yake kuingia. “Mimi nitakuwako.”